Miwani Iliyoufuta Mlima

Safari hii nilikuwa nimeapa kwamba kila kitu, kuanzia majani yaliyo miguuni mwangu hadi kilele cha mlima ng'ambo ya ziwa, kitatoka kikali kama wembe. Kwa hiyo usiku nilikaa mezani nikapiga hesabu: kwa kamera yangu, lenzi ya milimita 24 ikiwa na tundu la f/11, fokasi ikiwekwa kwenye umbali wa mita 1.8 hivi, vitu vyote kuanzia takriban sentimita 90 mbele yako hadi upeo wa macho huonekana vizuri. Nikapima kwa futikamba, nikazima fokasi ya otomatiki, kisha nikaifunga pete ya lenzi kwa selotepu isije ikasogea hata unywele mmoja. Shemeji yangu, aliyekuwa amejitolea kunibebea stendi, alinitazama kwa heshima anayopewa daktari wa upasuaji.

Saa kumi za alfajiri nilipapasa miwani gizani, nikaivaa, tukatoka.

Jua lilipochomoza nilipiga picha ya kwanza, nikaitazama kwenye kioo cha kamera, moyo ukanipasuka: ukungu mtupu. Mlima wenyewe niliuona kwa utusitusi, lakini huo niliusingizia umande. Nikaifuta picha. Nikakumbuka kwamba kizuia mtikisiko kinaweza kuleta mtikisiko wake chenyewe kamera ikiwa juu ya stendi. Nikakizima, nikapiga tena, ukungu. Nikaweka saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera, ukungu. Nikautundika mkoba wa mawe chini ya stendi dhidi ya upepo ambao, kusema kweli, haukuwapo. Nikabana tundu hadi f/22, ingawa najua fika kwamba mwanga ukipita kwenye tundu finyu kiasi hicho hutawanyika na kuilegeza picha, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuona nadharia ikithibitika. Zote nilizifuta, 31 kwa jumla, kisha nikabandua selotepu kwa hasira na kuanza kuizungusha pete kwa kukadiria kwa macho yangu mwenyewe.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda shemeji alipokohoa kidogo.

«Samahani, shemeji, mbona leo umevaa miwani ya dada?»

Nikaivua. Miwani yangu ni ya kusomea. Ya mke wangu ni ya kuonea mbali, nayo ni nzito kama kitako cha chupa.

«Na zile picha nilizokuwa nikifuta?»

«Zilikuwa nzuri sana. Nilichungulia begani kwako. Nikadhani ninyi wataalamu mna sababu zenu.»

Nyumbani, nikiwa na miwani yangu halali, nilikuta zile nilizopiga baada ya kubandua selotepu zimetoka ukungu wa kweli, usio na msingiziwa. Iliyonusurika ni moja tu ya mwanzoni, niliyoifyatua kwa bahati mbaya nikiinamisha kamera, nikasahau kuifuta. Ndani yake kuna kisigino cha shemeji, gaga zake zikihesabika mstari kwa mstari, na nyuma yake kipande cha ufuo wa ng'ambo kikionekana jiwe kwa jiwe. Shemeji ameomba asafishiwe picha hiyo na kuwekewa fremu.