Kura za Nakuru mjini: kuwaamsha wa nyumbani au kumfuata asiyeamua?

Matawi ya vyama mjini Nakuru yana ubishi ambao hauishi: pesa na vijana wachache waliopo watumike kuwatoa wafuasi nyumbani siku ya kura, au wapelekwe kwa wale ambao hawajaamua? Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo anayetaka kiti cha wadi hana budi kuchagua njia mapema. Ukijaribu zote mbili nusunusu, unapoteza zote.

Wanaotetea wafuasi wana hoja nzito. Kaunti hii imefanya chaguzi tatu na kupata magavana watatu: Kinuthia Mbugua 2013, Lee Kinyanjui 2017, Susan Kihika 2022. Mbugua hakuangushwa na chama pinzani. Alishindwa na Kinyanjui katika mchujo wa chama chao cha Jubilee, Aprili 2017. Kinyanjui naye alibaki Jubilee wakati upepo umehamia chama cha UDA, na Kihika wa UDA akamshinda. Wanachosoma hapo ni kwamba penye ngome, kiti huamuliwa mchujoni, na mchujoni asiyeamua hata hatokei. Baada ya hapo ni wimbi tu, na wimbi halibishiwi hodi nyumba kwa nyumba.

Upande wa pili unaonyesha jimbo la ubunge la Nakuru Mjini Magharibi. Samuel Arama alichaguliwa mbunge 2013 kwa tiketi ya ODM, akarudi 2017 kwa Jubilee, na 2022 akashinda tena kwa Jubilee, mwaka uleule UDA ilipochukua ugavana. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, na ni wazi wapo waliompa Kihika moja wakampa Arama nyingine. Nadhani hapa ndipo matawi mengi hukosea: humtafuta mtu ambaye hajaamua kuhusu rais, na mtu huyo ni adimu. Wanaoyumba mjini humu huyumba kwenye karatasi ya mbunge na ya mwakilishi wadi, na huko chama wanakitazama kidogo sana.

Magharibi mwa Kenya kuna mfano wa karibuni. Katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Malava, Kakamega, Novemba 27, 2025, David Ndakwa wa UDA alipata kura 21,564 na Seth Panyako wa DAP-K 20,210. Pengo la 1,354 linaweza kudaiwa na kila upande: mmoja atasema ni wafuasi waliobaki shambani, mwingine atasema ni watu ambao hakuna aliyewafikia.

Tuchukue hesabu ya mfano ili ubishi utoke hewani. Wadi ina wapiga kura 21,000. Sheria ya vituo ni watu wasiozidi 700 kila kimoja, basi una vituo 30. Wakijitokeza asilimia 60, kura ni 12,600. Wagombea wako wengi, mshindi anapata 4,500, wewe wa pili 4,100. Umekosa 400, yaani kama kura 14 kwa kituo. Waliokaa nyumbani ni 8,400, sawa na 280 kwa kituo. Mtetezi wa wafuasi atakuambia: katika watu 280 unashindwaje kupata 14?

Mwenzake atajibu kwamba kura inayotoka kwa mshindani huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa yeye anapungukiwa na moja nawe unaongezewa moja. Ukiwahamisha watu 201 tu, umepita. Ni saba kwa kituo. Na wale 280 si 280 kweli. Katika wadi za wapangaji kama Kaptembwo na Rhonda, wamo waliohamia mji mwingine bila kuhamisha kura na wamo waliofariki. Kinyume chake pia kipo: jirani anayekushangilia kila mkutano huenda amejiandikisha kwao Vihiga au Bomet, na siku ya kura atapanda matatu. Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni si "utampigia nani?" Ni "kura yako iko kituo gani?" Tawi lisilouliza hivyo hutumia nusu ya msimu kwa watu wasio na kura hapo.

Kabla ya kutuma mtu yeyote mtaani, tawi litafute Fomu 36A za uchaguzi uliopita, zenye matokeo ya mwakilishi wadi, kituo kwa kituo. Zipange mafungu matatu: vituo ulivyoshinda kwa mbali, ulivyoshindwa kwa mbali, na ambavyo tofauti haikuzidi kura 50. Fungu la kwanza ni la kuamsha watu. La tatu ndilo la kubisha hodi. La pili weka wakala mwaminifu, kisha uendelee na kazi. Uchungu wa kuacha fungu hilo huwashinda wengi, hasa mgombea akiwa na ukoo huko.

Kubisha hodi kwenyewe kuna namna yake. Ploti ya mabati yenye vyumba 16 na lango moja huingii kabla ya kuzungumza na keyateka, yaani msimamizi wa ploti. Ukimpita, kesho utakuta lango limefungwa. Watu wawili kila timu, na wawe wa jamii mbili tofauti, wazungumze Kiswahili hata wakimtambua mwenyeji kuwa wa jamii yao. Saa ni kumi na moja jioni hadi moja na nusu usiku, na Jumamosi alasiri. Timu hufikia milango 25 kwa jioni moja, na nusu itakuwa na mtu. Daftari liwe na safu tano: nambari ya mlango, jina, kituo, alama ya 1 hadi 4, na jambo alilouliza. Moja ni wetu, mbili anaegemea kwetu, tatu hajaamua, nne ni wa mwingine. Nambari ya kitambulisho isiandikwe kabisa. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama bila kujua, na tangu hapo mtu akiona kalamu na kitambulisho pamoja anafunga mlango. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kosa kubwa la daftari hili ni adabu. Anayekuambia "sawa sawa, tuko pamoja" huku ameshika kitasa amekataa kwa heshima, lakini kijana mwenye hamu ya kuleta habari njema anamwandika 1. Kanuni inayofaa ni kwamba ndiyo isiyo na swali iandikwe 3. Anayeyumba kweli huuliza: basari ya mwaka jana ilipewa nani, mtaro wa maji machafu uliachiwa wapi, kwa nini ushuru wa kibanda umepanda na soko halina choo. Swali hilo ndilo mali. Mgombea arudi mwenyewe ndani ya wiki mbili na jibu la swali hilo, asirudi na hotuba.

Kuna kimya cha aina nyingine pia. Huu ni mji ulioona damu Januari 2008, na wapo wenye umri wa kukumbuka ambao hawatamki chaguo lao mbele ya mgeni hata kama waliamua zamani. Huyo hayumbi, anajilinda. Ukimbana unampoteza. Mwandike 3, mpe karatasi yenye jina na picha ya mgombea, ondoka.

Wengine huruka kazi hii yote wakingoja wiki ya mwisho wagawe mia mbili mia mbili. Mbali na kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaiita hongo, ni biashara mbovu: mpokeaji hupokea kwa wote, na mtaa una msemo wake, kula kwao, kura kwetu.

Hata hivyo, kumfuata asiyeamua kuna gharama ambayo wanaoipigia debe njia hii huificha. Wafuasi wa zamani hununa. Waliobandika mabango tangu mwanzo wanapoona aliyekuja juzi kutoka kambi nyingine ameketi meza kuu, hawahami kwa kelele, wanaacha tu kufanya kazi. Aliyeshindwa mchujo akahisi kuonewa anaweza kuwa mgombea huru. Katiba inamtaka awe nje ya chama angalau miezi mitatu kabla ya kura, yaani mapema Mei 2027, na akusanye sahihi za wapiga kura 500 wa wadi. Hizo si nyingi kwa mtu aliyekuwa anaongoza vijana wako. Akiondoka na kura 300, zile 201 ulizohangaikia zimemezwa.

Ndiyo maana sioni sababu ya jibu moja kwa mji mzima. Pengo likiwa chini ya kura 15 kwa kituo, na mchujo haujaacha kidonda, wekeza kwa asiyeamua, na uwape kazi hiyo wafuasi wa zamani wenyewe, kila mmoja milango kumi ya ploti anayoishi. Pengo likizidi 40 kwa kituo, milango haitakuokoa, tafuta waliolala. Wadi ya Biashara, katikati ya mji, inahitaji hesabu yake: mchana imejaa wafanyabiashara, usiku wengi wao wako mitaa ya Lanet au Free Area, na kura zao ziko huko. Anayefanya kampeni ya madukani saa nne asubuhi anawasalimia wapiga kura wa mtu mwingine.