Helikopta ya mtumba: saa nyingi zisikutishe

Anayetafuta helikopta nyepesi ya mtumba yenye injini mbili, kama Bo 105, AS355 au EC135, huuliza kwanza imeruka saa ngapi. Ya saa 2,500 hugombewa. Ya saa 11,000 hupitwa kama mkweche. Kwa chombo cha kubeba abiria, swali hilo halitoshi hata kidogo.

Wanaopenda saa chache wana hoja. Bodi iliyoruka kidogo haijachoka, nyufa ni chache, na siku ya kuiuza haikusumbui. Ila saa 2,500 ndani ya miaka 25 maana yake chombo kimelala mno. Kikilala, sili za mpira hukauka na kuvujisha mafuta, unyevu hula beringi za giaboksi, kutu hujificha chini ya sakafu. Vipuri vingine navyo huhesabiwa kwa kalenda: kwenye Bo 105, mikanda inayozuia mapanga ya rota yasichomoke ina ukomo wa miaka, uruke usiruke.

Unacholipia ni saa zilizobaki. Tuseme giaboksi kuu hufanyiwa ovahoo, yaani hufunguliwa na kukarabatiwa upya, kila saa 3,000. Hiyo ya saa chache imebakiza 500. Ukiruka saa 400 kwa mwaka, ndani ya miezi 15 imeegeshwa, haiingizi kitu, na bili ya giaboksi inakungoja. Kongwe iliyotoka ovahoo majuzi, yenye 2,800 mkononi, inakupa miaka 7. Fanya hesabu hiyo kwa injini zote mbili, giaboksi ya mkia, kichwa cha rota na mapanga, kisha uijumlishe kwenye bei uliyotajiwa. Tabini, magurudumu ya injini yanayozungushwa na gesi ya moto, usiziangalie kwa saa tu: huhesabiwa pia mara zilizowashwa, na injini iliyozungusha watalii dakika kumi kumi humaliza hesabu hiyo mapema.

Na karatasi. Kipuri chenye ukomo kisicho na kumbukumbu tangu kiwandani ni chuma chakavu, hata king'ae vipi.

Injini ya pili yenyewe huaminiwa kupita kiasi. Daraja la kwanza la utendaji, ngazi ya juu katika kanuni za urushaji helikopta, hutaka chombo, injini moja ikizimika wakati wa kupaa, kiweze kurudi chini salama au kuendelea. Ili kiweze, uzito wake una kikomo, na viti vya kifahari na kiyoyozi hula sehemu ya uzito huo kimyakimya. Chombo kipimwe upya, kisha usome jedwali la utendaji kwenye kitabu cha chombo kwa joto na mwinuko wa unakorukia. Huenda viti viwili vikabaki vitupu kila safari.

Kabla ya kulipa, kagua sumaku zinazonasa chembe za chuma kwenye mafuta, ingiza kamera ndani ya tabini, na upime nguvu za kila injini hewani. Moja ikiwa chini ya kiwango, kompresa, sehemu inayobana hewa iingiayo kwenye injini, ioshwe na kipimo kirudiwe. Ikigoma, gharama ya kuifungua itoke kwenye bei, au muuzaji abaki na chombo chake.