Jiko Linalohitaji Jiko

Jamani, hebu tuulizane. Mtu ambaye kila siku anaungua ulimi kwa kushindwa kungoja chai ipoe, leo anakwenda Kariakoo kutafuta slo kuka, lile jiko la umeme la kupika polepole, apikie makongoro. Inaiva saa nane. Si saa nane mchana, ndugu yangu, ni masaa manane yenyewe, moja baada ya jingine!

Dukani ndiyo vurugu tupu. Unaulizia slo kuka, unaletewa presha kuka. Ukikataa: "Bosi, hii inafanya kila kitu." Presha kuka ina mfuniko wa kukaza wenye mpira, na nyingi zinakula wati 1,000 hivi. Slo kuka mfuniko wake ni wa kioo, umekaa tu juu kama kofia, na ndani mna chungu kizito cha udongo. Ndiyo, chungu kile kile cha bibi, kimeongezewa waya na bei.

Igeuze usome kitako. Ya lita 3.5 iko kwenye wati 200 hivi, inatosha watu wanne. Lita 6 ni ya nyumba ambayo wageni hawapigi simu kabla. Usichukue kubwa kwa sifa: chungu kinataka kijae angalau nusu na kisizidi robo tatu. Nusu kilo ya nyama ndani ya lita 6 inakaukia pembeni huku inakuangalia.

Hapo hapo kitakoni tafuta volti. Zawadi ya shemeji kutoka Marekani imeandikwa 120V, na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka hivyo hivyo, koili inapokea karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa. Kitu cha kwanza kuiva ni slo kuka yenyewe.

Halafu kuna hizi zenye vitufe na namba zinazowaka. Nzuri sana machoni. Umeme ukikatika dakika tano tu, nyingi zinasahau kila kitu. Unarudi jioni unakuta sufuri zinapepesa na nyama iko vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Chukua ya swichi ya kuzungusha, maana umeme ukirudi nayo inaendelea. Ila ina unafiki wake: haikwambii ilizimika muda gani. Na chakula kilichokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili ni cha kumwaga. Usijidanganye kukichemsha upya, kuna sumu za bakteria ambazo moto hauziwezi.

Sasa maharage mekundu, hapa ndipo hasira inapopanda. Huwezi kuyatupia humo makavu ukaenda kazini. Yana sumu yake ya asili, na joto la polepole linaweza kuiongezea makali badala ya kuiua. Malipo yake ni kutapika na kuhara. Yaloweke masaa matano au usiku kucha, mwaga maji, yatokote kwenye sufuria ya kawaida dakika 10 kamili, na nusu saa ni salama zaidi. Ndipo yaingie. Vitunguu navyo vikaange pembeni, la sivyo mchuzi utanukia ubichi mpaka mwisho. Kwa hiyo ili utumie jiko hili, unahitaji jiko.

Buchani omba shingo au muundi, si steki. Steki ikikaa humo kutwa inakuwa kamba. Nyama ya friza iyeyuke kwanza. Viazi na karoti vitangulie chini, vinachelewa kuiva kuliko nyama. Maji punguza, maana mvuke hautoki, na tui zito lisubiri nusu saa ya mwisho, lisije likakatika.

Yote hayo utayaweza. Kinachoshinda ni mfuniko. Kila ukifunuliwa, joto linatoroka na unaongeza dakika 20 mpaka 30. Sasa piga hesabu nyumba yenye wadokozi watatu, kila mmoja "anaonja chumvi" mara mbili, halafu uniambie ugali usongwe saa ngapi.