Nyanya: Maji Kidogo Kila Siku au Mengi kwa Vipindi?

Wakulima wa nyanya pembezoni mwa Nairobi, kuanzia Ruai hadi Kikuyu, wana misimamo miwili kuhusu maji. Kuna wanaofungua dripu, yaani mipira yenye matundu ya kudondosha maji, kila asubuhi, na wanaolowesha udongo hadi chini kisha kungoja siku tatu au nne.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mnyanya unaozaa, uliopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, hutumia takriban lita 1.5 siku ya jua kali la Februari. Tundu la dripu linalotoa lita 2 kwa saa huyarudisha maji hayo kwa dakika 45. Unyevu usioyumba huzuia matunda kupasuka na kuoza kitako, tatizo ambalo wengi hulipulizia dawa ya ukungu bure. Hapana ukungu pale: kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, husafiri ndani ya maji, na maji yakikatika tunda changa huikosa hata kama shamba limejaa chokaa.

Ila mizizi hufuata maji. Dripu ya dakika 10 kwa siku hulowesha juu tu. Chimba kando ya mche uone mizizi ilivyojazana katika sentimita 15 za kwanza, ilhali kwenye udongo uliolegea ingeshuka zaidi ya nusu mita. Mmea huo huzaa vizuri mradi bomba lisikauke. Na kwa mgao wa maji tulio nao, hukauka.

Basi wa pili wameshinda? Kwenye udongo mwekundu wa Kikuyu, unaopitisha maji vizuri, karibu niseme ndiyo. Udongo mweusi wa Ruai ni habari nyingine: ukilowa hufura na mizizi hukosa hewa, ukikauka hupasuka na kuikata.

Ratiba ifuate umri wa mche. Ukishashika, refusha vipindi kwa wiki tatu hivi ili mizizi ishuke. Maua yakianza kufunga matunda, rudia kila siku au siku moja baada ya nyingine, bila kuruka. Julai yenye mawingu, punguza hadi karibu nusu.

Kabla ya yote hayo, weka kopo chini ya tundu la kwanza na jingine chini ya la mwisho kwa dakika 15. Kila moja lipate nusu lita. La mwisho likipungukiwa, chujio limeziba au mpira wa dripu ni mrefu mno kwa tangi hilo, na hakuna ratiba itakayofika mwisho wa shamba.