Kadi Niliyoitafutia Draiva

Nilinunua Kariakoo kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na usiku ule ule, nilipokuwa nikiifuta vumbi, niligundua ubavuni mwake kitufe kidogo ambacho nilipokibonyeza ikachomoza kadi bapa nyeusi isiyo na maandishi. Nilitazama mlangoni kwanza, kisha nikamnong'oneza mke wangu kwamba mwenyewe wa awali amesahau mali humo. Tuliilaza kadi hiyo katika kisanduku cha mke wangu cha kuwekea dhahabu.

Nilisoma sana. Tundu lenyewe linaitwa ExpressCard, lilitangazwa mwaka 2003 kurithi lile la PC Card, nalo hupokea kadi za upana wa milimita 34 au 54: za mtandao, za sauti, hata za kuongeza matundu ya USB. Yangu ilikuwa ya 54, jambo lililonipa kiburi kisicho na msingi. Kwa siku nne nilipakua draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kukitambua kifaa, moja baada ya nyingine, nikaisugua kadi kwa spiriti, nikaichomeka kwa Bismillahi, na kompyuta ikakaa kimya kama haijaona kitu.

Siku ya tano niliifunga katika leso nikampelekea fundi. Kijana yule aliigeuza, akaigonga mezani, ikalia ko! kama kifuniko cha ndoo.

"Mzee wangu," alisema kwa adabu iliyoniuma kuliko kicheko, "hii ni plastiki tupu. Huwekwa kiwandani kuzuia vumbi."

Nikaona haya kuondoka mikono mitupu, nikanunua kadi ya kweli yenye matundu mawili ya USB 3.0. Nyumbani nilichomeka diski ya nje mbele ya familia nzima. Ikalia kama saa ya ukutani, ti, ti, ti, kisha ikazimika. Nilirudi kwa fundi, baada ya kupita mara mbili mbele ya duka lake nikijifanya natafuta viatu. Alinieleza kwamba tundu lile hutoa umeme wa volti 3.3 na 1.5 tu, ilhali diski inataka volti 5, hivyo kadi yangu huomba msaada kwa waya mwembamba unaochomekwa katika tundu la kawaida la USB. Waya huo nilikuwa nimeutumia kufungia mfuko.

"Yaani nimeongeza matundu mawili, nikapoteza moja?"

"Mzee, umebaki na faida ya moja."

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kurudisha hereni zake kisandukuni.