Batani za piezo kwenye simu: betri inapumua, ila pawa waiache

Kile kiwashio cha jiko la gesi kisicho na betri, ukikibonyeza kinalia ta! cheche inaruka, ndani yake kuna kipande cha kauri ya piezo, kikigongwa kinatoa umeme chenyewe. Tabia hiyo Jacques Curie na mdogo wake Pierre waliigundua kwenye fuwele huko Ufaransa mwaka 1880. Sasa watengeneza simu na laptop wanaitaka ndo iwe batani, na mimi nakubaliana nao nusu tu.

Utamu wake upo kwenye betri. Kidole chako ndo kinazalisha ishara, kwa hiyo sensa ikiwa inasubiri haili umeme, chipu inalala zake mpaka ibonyezwe. Halafu ukikipelekea umeme kipande hichohicho kinajikunja na kukurudishia mtetemo kidoleni, yani sensa na vaibresheni humohumo, na kinaitika fasta kuliko kile kimota cha kuzunguka ambacho mpaka kikolee ushanyanyua kidole. Na kwa kuwa kipande kinakaa chini ya kava lisilo na tundu, hakuna upenyo wa maji. Dell walitumia piezo kwenye tachipedi ya laptop yao ya XPS 13 Plus ya 2022, na pale nadhani ndo mahali pake hasa.

Shida sasa, piezo inahisi mgandamizo ukibadilika. Ukibonyeza ukashikilia, chaji inavuja kidogokidogo mpaka saketi haijui tena kama kidole bado kipo! Na mtetemo wenyewe unataka volti makumi, nyingine zinapita 100, wakati betri ya simu ina kama 3.7, so lazima iwekwe saketi ya kupandisha volti, maana yake ule umeme uliookoa kwenye kusubiri unaanza kuurudisha kwenye mtetemo. Kauri nayo inapasuka simu ikidondoka vibaya, na ile ya kawaida, PZT, ina madini ya risasi, sijapenda kabisa iishie dampo.

Batani ya pawa ya kawaida ikifa fundi anafungua mgongo, anabadilisha fleksi (ule waya bapa wa batani), umeondoka. Kwa hiyo sauti na kamera wekeni piezo, sina neno, ila pawa niachieni swichi inayobonyea, kwa sababu simu ikiganda kabisa unatakiwa uishikilie sekunde kadhaa mfululizo mpaka izime, na kushikilia ndo kitu ambacho piezo peke yake haikiwezi.