Ndigana kali: tuchanje ndama au tuogeshe kila wiki?

Ukikuta tezi zimevimba chini ya sikio la ndama, homa imepanda na hataki kunyonya, ujue muda ulio nao ni mfupi. Ndigana kali huua ndani ya wiki mbili au tatu. Dawa ya buparvakwoni inatibu, lakini ni ghali na husaidia ikiwahiwa. Kwa hiyo ubishi wa wafugaji umehamia kwenye kinga: josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kuua kupe, au chanjo?

Wanaotetea josho wana hoja nzito. Ugonjwa huu huenezwa na kupe wa kahawia anayependa masikio, na vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa ndani yake tangu aanze kunyonya damu. Anayeogesha kila wiki kwa dawa ya kipimo sahihi humuua kupe kabla hajaambukiza wengi. Tena josho hupunguza kupe wanaoleta ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo, magonjwa ambayo chanjo ya ndigana kali haiyagusi kabisa.

Shida ni kwamba josho halikubali likizo. Zimbabwe, enzi za Rhodesia, kuogesha kulikuwa lazima kwa miongo mingi. Vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 vilipokatisha huduma hiyo, inakadiriwa ng'ombe wapatao milioni 1 walikufa kwa magonjwa ya kupe. Walikuwa wamekua bila kukutana nayo, hawakuwa na kinga. Hapa Tanzania nako majosho mengi ya vijiji yalibaki makavu ruzuku ilipopungua. Na josho lililojaa maji huku dawa imechujuka naliona baya kuliko josho kavu. Mfugaji huondoka akiamini ameogesha, kumbe kupe dhaifu ndio waliokufa na sugu wamebaki kuzaana. Uganda usugu huo tayari ni mzigo mkubwa.

Chanjo nayo ilitokana na utafiti wa Muguga, karibu na Nairobi. Ndama hudungwa vimelea hai vya aina tatu, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini, antibiotiki inayofanya kazi kwa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo tu kisha abaki na kinga ya miaka mingi. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania waliipokea kwa wingi, maana walikuwa wakizika ndama kila msimu. Hata mnadani, ng'ombe mwenye hereni ya chanjo hupata bei nzuri zaidi.

Ila ni chanjo inayodai nidhamu. Hutunzwa ikiwa imegandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, na mrija mmoja wa chanjo ukishayeyushwa hutosha ng'ombe wapatao 40, ambao lazima wachanjwe ndani ya saa chache. Oksitetrasaiklini hupimwa kwa uzito. Ukimkadiria ndama chini ya uzito wake, unaweza kumuua kwa sindano iliyokuja kumwokoa. Kwa mwenye kundi la ng'ombe 200 hilo linapangika. Mama wa Kilimanjaro mwenye mtamba mmoja wa maziwa bandani atawapata wapi wengine 39? Na huyo mtamba wa kisasa ndiye anayekufa upesi kuliko zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu.

Kwangu mimi, sindano itangulie. Ndama achanjwe akiwa mdogo, kisha josho lifanye kazi ya kupunguza kupe, si kuwafuta. Zebu wa malishoni aliyechanjwa hahitaji kuogeshwa kila wiki mwaka mzima. Kupe wachache anaokutana nao utotoni humjengea kinga ya ndigana baridi na kukojoa damu. Ng'ombe wa kisasa anahitaji vyote viwili bila mapumziko, na hapo siwezi kulegeza. Kuhusu wale 39, vyama vya ushirika vya maziwa tayari vinajua kila mwanachama ana ndama wangapi na wa umri gani. Vinaweza kupanga siku moja ya chanjo kwa kitongoji kizima, gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa, na bwana mifugo apite tena kuwaangalia ndama hao mpaka wiki ya nne.